Sara Mtu na Sala ya Mungu

Kimbo, Ruiru
Jumatano jioni

Mwanangu Nyambura,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hali yako? Nauliza kama mtu aliye mbali, na wewe unalala chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu. Lakini tangu Jumatatu ya wiki iliyopita sijakuuliza, kwa hivyo sijui. Asubuhi nimekusikia ukikohoa. Nilimwambia baba yako akupelekee asali, sikuileta mwenyewe. Mimi mgongo unanisumbua kidogo, presha iko sawa, Mungu anatushikilia. Kitu ambacho hakijapoa ni hasira.

Umeenda kumuaga shangazi yako na najua hatakuachilia kabla ya chai mbili, ndiyo nimepata nafasi ya kukaa hapa mezani. Kesho unaondoka kwenda Kisumu kuanza kazi. Katika nyumba hii hakuna mtu anayeondoka bila kuombewa mlangoni, na anayeomba ni mimi. Juzi nilimwambia baba yako kwamba kesho asinihesabu. Alikuwa akimenya chungwa, akaendelea kumenya. Jana akarudi.

“Mama Nyambura, kwani mtoto ataenda tu hivyo, kama mtu ametumwa dukani?”

“Omba wewe.”

“Mimi nikiomba nasahau katikati.”

Ni kweli, yeye husahau. Siku kaka yako alipoondoka, aliombea mvua.

Basi nimeshika kalamu. Mambo ya neti ya mbu na kuchemsha maji na kutolala na simu kifuani umeambiwa mpaka masikio yako yamechoka, sitayarudia. Nataka tu ujue kwa nini nimekasirika hivi. Na mimi pia nataka kujua, maana wiki hii nikipiga magoti maneno hayaji, na mama asiyeweza kumwombea mtoto wake ni mtu mgonjwa.

Wewe umeisikia hadithi ya ile mashine ukiwa mdogo, lakini ulikuwa ukiisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Wacha niiseme vizuri mara moja.

Nilitoka shule kidato cha pili. Nilipofika kwenye kile kiwanda kidogo cha kanisa cha kuchapisha vitabu, pale Thika, nilikuja kufagia na kukunja karatasi. Mashine ilikuwa chumba cha nyuma, kubwa kama kabati la nguo, na wamishonari waliokuwa wameileta walikuwa wamesharudi kwao. Aliyebaki nayo ni Fundi Gitau. Siku moja mpiga chapa alikosa kuja, Gitau akaniuliza kama najua kusoma Kikuyu na Kiswahili bila kuruka maneno. Nikasema najua. Akaniweka kwenye kiti, na sijatoka kwenye kile kiti mpaka leo.

Yeye ndiye alinifundisha kwamba diski ni kama shamba. Ni moja, lakini unaligawa vipande, kila kipande na herufi yake, na kila kipande kina kazi. Hapa nyimbo, hapa masomo ya Jumapili, hapa barua za ofisi. Tena akanifundisha kuhusu kiini, kile nyinyi mnaita kerneli. Hiyo ndiyo programu inayoamka kwanza na kuziamuru nyingine zote. Kwenye mashine zenu za siku hizi mtu anasogeza mipaka ya diski kwa kidole. Kwenye yetu mipaka imeandikwa ndani ya kiini chenyewe. Ukitaka kusogeza mpaka hata kidogo, unafungua maandishi ya kiini, unabadilisha namba, unakiunda upya chote, halafu unazima na kuwasha ukiwa umeshika roho mkononi. Gitau hakuwahi kuwasha kiini kipya bila kukiwekea kile cha zamani jina lingine na kukiacha pembeni. Alikiita guka, yaani babu. Kipya kikikataa kuamka, unamwita guka, na mashine inasimama tena. Sikwambii hili ili uende ukaligeuze mfano wa maisha. Kiini ni kiini.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa herufi c. Nilikuwa nimeshajua a na b, nikaambiwa nisafishe kipande cha tatu, na kwa akili yangu cha tatu ni c. Kumbe c si kipande. Kwenye mashine hizo c maana yake ni shamba lote, kutoka mpaka mpaka. Nikaisafisha. Nilisafisha nyimbo, masomo, barua, kila kitu, na nikamaliza nikaenda kukanda unga, nikijiona mtu wa maana.

Mkubwa wetu wa wakati huo alikuwa mchungaji mkali, mtu wa kupiga meza. Alituita sisi wawili. Akauliza nani ameharibu kazi ya kanisa. Mimi nilikuwa nimeshajifukuza kazi kichwani, hata nimeshajiuliza nitarudi kwetu na uso gani. Fundi Gitau akasema, “Tumeharibu. Tuna tepu, tutairudisha.” Akarudi kwenye kiti chake. Hakuna siku aliyosema ni Mama Nyambura, na wakati huo sikuwa hata Mama Nyambura, nilikuwa msichana tu wa kufagia. Tulirudisha kutoka kwenye tepu, ule mkanda wa kuwekea nakala, na zile barua ambazo hazikuwa kwenye tepu tulizipiga upya sisi wawili. Hakunicheka. Alipozikwa kule kwao, mimi nililia kuliko jamaa zake, watu wakaanza kuuliza mimi ni nani.

Sasa nije kwa kitabu. Unajua nilivyokusanya sala za wale kina mama wazee. Si za kitabuni. Ni zile wanazoomba wenyewe, asubuhi wakiwasha moto, mtoto akiumwa na homa, mtu akisafiri, ng’ombe akizaa vibaya. Nilianza na Cucu Wairimu wa Murera, yule bibi aliyekuwa akiomba akiwa anakamua. Nikaenda mtaa wa Landless kwa kina mama waliokuwa vibarua mashambani. Nilikuwa nakaa nao, nawasaidia kuchambua maharagwe, wakizoea kwamba niko wanaanza kuomba kama mimi sipo. Nikirudi kazini napiga chapa kabla maneno hayajanitoka. Hiyo ni miaka, Nyambura. Ulikuwa ukibebwa mgongoni nilipoanza. Wengi wao wameshatangulia mbele za Bwana. Mwaka huu ndipo kanisa lilikubali ziwe kitabu.

Kipande cha diski kilichobeba kazi hiyo kiliitwa sala. Na kulikuwa na kingine kiliitwa sara, cha yule Sara aliyekuwa mpiga chapa mwenzangu kabla ya kuolewa Nakuru. Mle ndani mlikuwa na kadi za harusi alizokuwa akipangia watu, na matangazo ya kwaya ambayo hayana maana tena kwa mtu yeyote. Na unajua ulimi wangu. Sisi tulionyonya Kikuyu, l na r ni maji yaleyale. Mimi nikisema sala inatoka sara, na nikisema Sara inatoka sara. Ofisini tulishazoea. Nilikuwa nasema “Sara mtu” na “sala ya Mungu”, na hakuna aliyewahi kukosea. Hata wewe ukiwa mdogo ukija likizo ulikuwa unasema hivyo, Sara mtu, unaruka kamba pale nje na kuimba.

Diski ya zamani ilipoanza kulia kama gia ya trekta, tukapata nyingine, ya mkono wa pili, kutoka chuo kilichokuwa kikitupa vitu vyake. Na wewe ukasema utanisaidia kabla hujaenda. Ile Ijumaa, mwanangu, nataka uijue ilikuwaje kwangu. Wewe na digrii yako, mimi na miwani yangu, tumekaa mbele ya kioo kimoja cha mashine. Ulikuwa unasoma namba za mipaka, mimi nazipiga.

“Mum, hii kitu ni ya makumbusho.”

“Ni ya Mungu. Endelea kusoma.”

Tukakiunda kiini. Kikachukua muda wake, tukala nduma, tukanywa chai ya chupa. Tukakiwasha kikaamka nusu, kikaandika kwenye kioo kwamba kimeshtuka, kikasimama. Ulikaza macho, ukajumlisha tena, ukakuta vipande viwili tumevipandisha kimoja juu ya kingine, kama majirani wanaogombania ua. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Tukamwita guka, tukarekebisha, tukaunda tena. Mara ya pili kikaamka safi na diski mpya ikaonekana yote. Tukahamisha kila kitu, sala, sara, nyimbo, vyote. Tukaizima ile diski ya zamani ipumzike. Haikuwaka tena. Mota iligoma palepale, na wala hatukuhuzunika, maana kazi tulikuwa tumeshaitoa. Tepu zetu za zamani zilishaoza, na mashine ya tepu ilikuwa bado kwa fundi mmoja aliyekuwa akiitengeneza, angeileta Jumatatu. Tulisema Jumatatu tutaweka kila kitu kwenye tepu. Tulifunga mlango mimi na wewe, nikasema moyoni, Bwana, sasa naweza kuzeeka.

Kilichobaki ni kusafisha kipande cha Sara, tupate nafasi ya kupangia kurasa za kitabu. Nilikwambia tu kuna kipande cha kusafisha, jina sikulitaja, nawe ukasema utafanya Jumamosi, maana Jumapili ulikuwa na wenzako. Mimi Jumamosi nilikuwa Murera kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa mjomba wako.

Hii sehemu hujawahi kuisikia, kwa hivyo tulia. Kwenye ile meza ya wageni kulikuwa na mjomba wa bwana harusi, mtu wa suti, anaongea Kiswahili kama msoma habari. Nikasimama kuwakaribisha, nikasema, “Karibuni, tumefurahi mmefika sarama, kureni mshibe.” Akageukia jirani yake akasema, na mimi nikasikia, na akajua nimesikia, “Tumealikwa kupiga kura. Nani anagombea?” Meza nzima ikacheka. Hata watu wetu walicheka, Nyambura. Hata shangazi yako. Mimi pia nilicheka, nikakaa, nikatazama sahani yangu.

Unajua nilirudi wapi? Nilirudi darasa la nne. Mwalimu alikuwa ananisimamisha mbele niseme “lori la Lulu limelala”, na kila nikikosea darasa linarudia nilivyosema, wote pamoja, kama wimbo. Akaniweka pale mpaka kengele. Tangu siku hiyo sikuinua mkono darasani tena, hata nikiwa na jibu. Mimi sikutoka shule kidato cha pili. Mwili ulitoka kidato cha pili. Mimi nilitoka darasa la nne.

Basi hapo ndipo simu yako ililia. Nilisimama pembeni ya meza, yule mtu wa suti yuko pale pale, sikio lake kubwa kama sinia. Ukaniuliza, “Mum, nisafishe gani?” Na mimi, mama mtu mzima, mzee wa kanisa, nikaona haya kusema “Sara mtu” mbele yake. Nikajiambia, leo hii nitalisema vizuri. Nikaunyosha ulimi, nikauweka juu ya meno kama mwalimu alivyotaka, nikasema, “Safisha Sala.”

Nilitaka kusema Sara. Nilikuwa nimekaza sana kutafuta l, nikaitia hata pahali haikutakiwa.

Na wewe ukasema, “Sala?”

Nikasema, “Ndiyo. Sala.” Nikafurahi ilivyotoka vizuri. Nikamwangalia yule mtu.

Ile amri ya kusafisha haiulizi mara mbili. Mashine za zamani zinakuamini. Uliangalia kwenye orodha sala ni herufi gani, ukaipiga, ikamaliza kabla sijaketi.

Hapo sikulaumu wewe peke yako. Lakini wacha niseme lililoniuma, na nitalisema bila sukari. Wewe unajua mama yako. Umenisikia miaka yote hiyo, hakuna siku nimesema jina hilo bila “mtu” au “ya Mungu” nyuma yake. Kwa nini hukuniuliza? Kwa nini hukufungua ndani uangalie? Kuangalia ni amri ya herufi mbili. Ungeona jina la Cucu Wairimu pale juu kabisa. Ulikuwa na haraka, wenzako walikuwa wamekuja kukuchukua, nilisikia kelele zao nyuma. Kadi za harusi za watu ambao wengine wameshaachana ziko salama mpaka leo. Wale kina mama wazee hawako.

Lakini hata hilo ningelimeza. Naapa ningelimeza.

Ni Jumatatu. Mchungaji wetu wa sasa ametuita, wale wafanyakazi wengine wako, kioo kinaonyesha kipande kitupu. Na wewe ukasimama ukaeleza. Ulisema, “Alisema Sala, na l nzuri kabisa, ya kwanza nimewahi kumsikia nayo, ndiyo nikaamini.” Mtu mmoja akacheka. Ukaona wamecheka, ukaendelea. “Si mnamjua mathe. Nyumbani anasema, Nyambura, retea baba yako rimau.” Ukaigiza mpaka mkono wangu, vile naushika kiunoni. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nimesimama pale, nimefiwa. Ndiyo, nimefiwa, maana wale walikuwa watu wangu, na msiba wangu umegeuzwa mchezo wa kuigiza na mtoto niliyemzaa.

Nilikuwa nimekulea wewe ili katika maisha yangu kuwe na chumba kimoja ambamo ulimi wangu hauchekwi. Nyumba hii ilikuwa hicho chumba. Ukaubeba mlango wake ukawapelekea.

Ulisoma kwa jasho la ulimi huu. Ni mimi nilienda kusema na mwalimu mkuu walipokunyima nafasi, nikasema vibaya vile vile, na ukapata nafasi. Ulikuwa unalala kwa nyimbo za ulimi huu. Huko Kisumu watu wana masikio pia, wataona kitu kwako cha kucheka, hata kama l yako ni nzuri, na hapo sitakuwepo, na sitafurahi, lakini nitajua.

Haya. Nimeweka kalamu chini nikaenda kuangalia githeri isiungue, nimerudi.

Jioni zote tangu siku hiyo najua ulikuwa unaenda Thika. Ulimwambia baba yako kwamba ukisafisha kipande, maandishi hayatoki kwenye sahani ya diski, ni ile ramani ya kuonyesha yako wapi ndiyo inapotea. Kwamba mtu anaweza kusoma sahani moja kwa moja, mwanzo mpaka mwisho, akaokota maneno yaliyobaki. Aliniambia, nikamwambia sitaki kusikia. Hizo karatasi ulizochapa na kuziweka karibu na Biblia yangu sikuzigusa. Nilizisogeza nikapata Biblia.

Leo nimezisoma. Ni vipande, havina kichwa wala miguu. Hapa panasema “na mahali atakapoweka kichwa pasiwe na”, halafu kuna takataka za namba, halafu panaendelea “ng’ombe hata yule mweupe umjuaye”. Hakuna jina la mwenye sala popote. Lakini huyo ni Wairimu. Hakuna mwingine aliyekuwa anamtajia Mungu ng’ombe kwa rangi. Na ukurasa wa nyuma kuna mmoja anayelalamika kwamba ameomba jambo moja tangu masika na Mungu anajifanya hasikii. Huyo ni wa Landless, namjua kwa hasira yake. Nilizisoma zote nimesimama. Mara ya mwisho niliposimama hivyo kusoma ni cheti chako cha kidato cha nne.

Lakini usifikiri karatasi zimemaliza neno kati yetu. Hazijamaliza. Nimekasirika hata sasa naandika, ona vile mwandiko umelala.

Ila nilipoandika yale ya Jumatatu hapo juu niliyaandika vibaya. Nimerudi kuyasoma na si hivyo yalivyoanza. Niliandika kwamba ulisimama ukaeleza. Kabla ya hapo Mchungaji aliuliza swali. Aliuliza, “Ni nani amefuta?” Na wewe ulikuwa bado hujafungua kinywa. Ulikuwa unaniangalia mimi. Ulikuwa unangoja niseme.

Nikasema, “Ni Nyambura.”

Nilisema haraka, kama mtu anayetupa kaa la moto. Sikusema nilikosea jina, sikusema kuhusu Murera na yule mtu wa suti. Niliogopa watanicheka. Nikakusukuma wewe mbele, na wewe ukageuka ukanisukuma mimi, na wao wakapata kicheko bure. Fundi Gitau alipewa swali hilo hilo na mkubwa mkali kuliko huyu wetu, na alikuwa na kila sababu ya kunionyesha kwa kidole. Alisema tumeharibu. Mimi nilikula chakula cha neno hilo maisha yangu yote, na siku yangu ilipofika halikunijia.

Sijui kama ungeigiza ulimi wangu hata kama ningesema vile. Labda. Una mdomo, hilo ulitoa kwa shangazi yako. Ulilofanya bado ni baya, na sitajifanya limegeuka zuri kwa sababu na mimi nilifanya baya. Ni mabaya mawili, yako ni yako. Lakini langu lilitangulia, na nimekuwa nikikunyima salamu wiki nzima kana kwamba baya lilikuwa moja tu, lako.

Jumatatu nitaenda kwa Mchungaji. Nitamwambia tulifuta, mimi kwa kinywa na wewe kwa vidole, na kwamba kitabu kitatoka na mapengo, na palipo na pengo tutaacha karatasi nyeupe ili msomaji ajue kuna mama alikuwa anaomba hapo. Akicheka, acheke. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti changu.

Kesho nitakuwa mlangoni. Nitakuombea nikiwa na hasira, Mungu ameshanipokea hivyo mara nyingi na hajanifukuza. Nitaomba kwa sauti, na l na r zitatoka zitakavyo, sitazinyosha kwa ajili yako wala kwa ajili ya majirani. Kicheko kikikujia, njoo nacho, mimi nitaushika mkono wako nisiuachie mpaka amina. Barua hii nitaiweka chini ya nguo zako, usiisome kabla hamjapita Nakuru.

Mle ndani ya karatasi kuna vipande ambavyo wenye sala hizo sijawatambua. Nimeviandika nyuma ya barua hii. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu siku zile, labda sikio lako lilishika sauti ambayo mimi nimeisahau. Viangalie. Na uniandikie upesi, usingoje hasira yangu iishe.

Mama yako.